Kati ya Nne na Tatu

Lifti haikukwama. Niliisimamisha mimi, kwa mkono wangu wa kushoto, kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, kaka yangu akiwa nyuma yangu na begi langu begani kwake.

Nilitaka dakika moja tu. Dakika ya kumwambia neno moja kabla hatujafika chini, maana chini kulikuwa na mlango, nje ya mlango kulikuwa na barabara, na mwisho wa barabara kulikuwa na basi la saa sita ambalo lingenirudisha nyumbani nisitoke tena. Kwa hiyo nikalivuta geti la ndani, lile la fito za chuma linalojikunja, nikaliachia upenyo wa kidole. Lifti za zamani zina tabia hiyo. Geti likiachana kidogo tu, umeme unakatika na sanduku linasimama hapo hapo lilipo. Ukilifunga, safari inaendelea.

Mama mmoja aliyenifundisha kazi ile ya kuendesha lifti alikuwa amenionya. "Usifungue geti lifti ikitembea," alisema, "hata kama gauni lako limeshika moto. Ungua kwanza, ufike, ndiyo uzime." Nilicheka, naye akacheka, yakaishia hapo. Sababu yenyewe niliijua kwa kusikia, kama mtu anavyojua habari za nyoka asiyewahi kumwona: kuna siku ile swichi kubwa iliyo kwenye kijumba cha mota juu ya paa huanguka umeme ukikatwa ghafla, na ikianguka hainyanyuki mpaka fundi apande akainyanyue kwa mkono.

Nikafungua. Ikasimama. Neno langu likagoma kutoka. Nikafunga. Haikwenda.

"Nini?" kaka akauliza.

"Imesimama."

"Naona imesimama. Kwa nini?"

"Imezeeka," nikasema. "Kuna wakati inachoka."

Uongo wangu ulianzia hapo. Ulikuwa mdogo, ukapata nafasi mle ndani pamoja nasi.

Kaka alikuwa amefika jana yake jioni bila kupiga simu, maana anayekuja kukuchukua hapigi hodi akiwa mbali. Asubuhi tulipanda pamoja mpaka ghorofa ya nane kwa msimamizi wa jengo, nikiendesha mimi mwenyewe safari ya kwenda kujiachisha kazi. Kaka ndiye aliyeongea. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Macho ya mama yamekwisha, alisema. Anahitaji mtu wa kukaa naye kutwa, na mtu mwenyewe ni huyu. Dada yetu mkubwa ni mwalimu, hawezi kuacha shule. Yeye ana karakana yake ya mageti na madirisha ya chuma. Mimi sina mume, sina cheti zaidi ya kile cha darasa la saba, na kazi yangu, kwa maneno yake, ni kushika kijiti cha lifti.

Msimamizi wa jengo alinitazama juu ya miwani. "Na wewe mwenyewe unataka kwenda?"

"Ni mama," nikasema.

Halikuwa jibu, lakini alilipokea kama mtu anavyopokea noti iliyochanika, kwa kuwa hana namna. Akaniambia nishushe lifti kwa mara ya mwisho, nimkabidhi mlinzi ufunguo na koti la kijivu.

Nane, saba, sita, tano. Nilizihesabu kwa masikio na pua, maana vitaa vya namba vilikufa kabla mimi sijafika. Saba ni cherehani za shule ya ushonaji, zikinguruma kama mvua ya mbali. Sita ni mawakili, na kimya chao cha watu wanaoandika. Tano ni gundi na ngozi. Nne ni harufu ya karafuu kwa daktari wa meno. Karafuu ilipopita puani nikajua zimebaki ghorofa tatu za maisha yangu, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.

*

Sanduku lile lilikuwa hatua mbili kwa hatua mbili na nusu. Nilikuwa nimelipima siku ya kwanza, kama mfungwa.

Sikuja mjini kwa kuota. Nilikuja kwa sababu baba alikuwa amekufa na nyumba ilikuwa imebaki na harufu ya ugonjwa wake, na binamu yangu aliyekuwa akifanya usafi kwenye jengo lile alisikia wanatafuta mtu mtulivu. Mimi utulivu ninao. Nimeupata kwa kukaa kando ya kitanda.

Miezi mitatu ya kwanza niliuchukia mji kwa moyo wote. Nilikuwa natoka kwenye chumba tulichopanga na binamu, chenye dirisha linalotazama ukuta, naingia kwenye lifti inayotazama ukuta, jioni narudi kwenye ukuta wangu wa kwanza. Njia yangu ilikuwa moja tu: kushoto, moja kwa moja, kulia, ngazi. Sikuwahi kuinua macho. Mji kwangu ulikuwa visigino vya watu wanaonitangulia. Ndani ya sanduku, abiria walizungumza juu ya kichwa changu kama mimi ni sehemu ya mashine, na mchana ulipokuwa mrefu nilifikiri: nimetoka kwenye chumba kimoja nikaingia kwenye kingine, tofauti ni kwamba hiki kinapanda na kushuka.

Kilichonigeuza kilikuwa tusi.

Ilikuwa kama mwezi wa nne, asubuhi, navuka barabara ile kubwa ya mbele ya jengo, kichwa chini kama kawaida yangu. Nikavutwa ukosi kwa nyuma mpaka koo likabana. Gari likapita mbele ya pua yangu na upepo wake. Nilipogeuka, nikakuta mama mmoja mwenye rundo la mabeseni kichwani, hata halijatikisika, ameushika ukosi wangu kwa mkono mmoja.

"Wewe!" akanifokea. "Kama umechoka kuishi, kafie kwenu! Hapa watu tuna haraka!"

Kisha akaninyoosha koti, akanipangusa bega vumbi ambalo halikuwapo, akanishika mkono kama mtoto, akanivusha. Tulipofika upande wa pili aliniachia, akaangalia kushoto na kulia, akarudi alikotoka. Hakuwa anavuka. Alikuwa na biashara zake upande ule ule.

Nilisimama pale nikamwangalia mpaka nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nyumbani kwetu watu walikuwa wananipa pole kwa sauti ya chini, tena kila siku, lakini sikumbuki aliyewahi kuninyakua.

Tangu siku hiyo nikaanza kurudi kwa njia tofauti. Kila jioni mtaa mmoja mpya. Kulikuwa na mtaa wa mafundi saa, wamejipanga ukutani kila mtu na kioo chake jichoni, wote wameinamia vitu vidogo kama watu wanaosali pamoja. Kulikuwa na kinyozi aliyekuwa akiimba vibaya kwa makusudi ili wateja wamkemee. Kulikuwa na kona ambapo, ikifika saa kumi na moja, mkate unatoka jikoni na mtaa mzima unapunguza mwendo bila kukubaliana. Na mvua. Mvua ikinyesha, watu kumi wasiojuana hujibana chini ya kibaraza kimoja, na kwa dakika ishirini mnakuwa ndugu, mnajua mtoto wa nani amefeli na mume wa nani ana maneno, kisha mvua inakata na mnatawanyika hamtaonana tena. Nilipenda kule kutoonana tena. Kulikuwa kama mtu kakupa kitu na hakutaka ahsante.

Hata sanduku likabadilika. Mji haukuwa nje yake kama nilivyodhani. Ulikuwa unaingia ndani, watu watano watano, na mimi ndiye niliyekuwa nikiufungulia. Waliopanda kwa mawakili wakiwa wanne walishuka wawili wawili. Waliopanda kwa daktari wa meno wakiongea walishuka wanaongea na nusu ya mdomo, na ilinibidi niangalie ukuta nisicheke. Wakaanza kuniita Dada Lifti. Sijui nani alianza. Jina liliingia ghorofa moja likashuka nyingine, na mimi ndimi niliyelibeba.

*

Tulichokuwa nacho mbele yetu ni zege. Juu, usawa wa macho ya kaka, ulibaki mwanya wa kama urefu wa kiganja hadi kiwiko: sakafu ya ghorofa ya nne, na mlango wake wa fito. Mwanga uliingia pale, kipande kimoja.

Nikagonga kengele ya hatari. Kutoka chini, sauti ya mlinzi ikapanda kwenye shimo la lifti. Tulimwita Kamishna kwa sababu alipiga saluti hata kwa waleta barua.

"Dada Lifti! Uko wapi?"

"Kati ya nne na tatu!"

"Uko na nani?"

"Na kaka yangu!"

"Mzima?"

Nikamtazama kaka. "Mzima!"

"Basi tulieni, fundi yuko upande wa pili wa mji, ameshapigiwa simu. Msiende popote!"

Akaucheka mzaha wake mwenyewe, na shimo zima likacheka naye.

Kaka hakucheka. Alikuwa ameweka begi chini na viganja vyake viwili vilikuwa kwenye fito za geti. Kaka yangu ni mtu mkubwa. Ana mikono ya kukunja nondo, na nyumbani kwetu mlango unaomshinda yeye unahesabiwa kuwa ni ukuta. Nikaona jasho limemtoka nyuma ya masikio.

"Hili naling'oa," akasema. "Dakika mbili."

"Usiguse."

"Nakwambia hizi ndizo kazi zangu."

"Kaka." Sikujua nina sauti ile. "Ukiling'oa na umeme ukarudi, lifti itatembea na wewe uko nusu nje. Hapa ni kazini kwangu. Kaa chini."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. Kisha akakaa, juu ya begi langu, magoti yakimfika kidevuni. Alikuwa akivuta pumzi fupi fupi.

"Hewa inatosha?"

"Inatosha. Matundu yote haya."

Akayatazama matundu. "Kila siku nachomelea fito kama hizi," akasema polepole. "Madirisha ya mji mzima kule ni yangu. Sijawahi kukaa upande huu."

Viatu vikaanza kuja. Kwenye ule mwanya tuliona viatu tu na vifundo vya miguu, vinasimama, vinasogea, vinashauriana. Nikamtajia kaka ili asahau kuta. Hivi vya kahawia vilivyoliwa kisigino cha kushoto ni vya karani wa mawakili. Huegemea upande mmoja tangu mkewe alazwe. Vile vyeupe ni vya daktari wa meno. Na zile sendo pana zilizosimama zikiwa zimepanuka ni za mwalimu wa ushonaji wa ghorofa ya saba, na maskini alikuwa amepanda ngazi.

"Unawajua kwa miguu?"

"Wengi hawaniangalii usoni asubuhi. Mimi naangalia pale wanapoangalia wao, chini."

Mwalimu wa ushonaji alijishusha kwa kishindo mpaka uso wake ukatokea ubavu ubavu kwenye mwanya, umejaa jasho na hasira ya mapenzi. "Dada Lifti! Leo umenipandisha ngazi mimi! Goti langu litakushitaki, na mawakili wako pale pale sita!"

"Nisamehe, mwalimu."

"Nani huyo? Mchumba?"

"Kaka yangu."

"Kaka! Karibu mjini, shemeji! Umeona? Wengine mji unawakimbiza, wewe umekukumbatia haukuachii!" Akapenyeza chupa ya maji kati ya fito, kisha mto mdogo wa kukalia alioukunja mara mbili. "Mpe huyo mtu mzima akalie. Mbona inanipa wasiwasi rangi yake?"

Daktari wa meno naye akainama. "Kama kuna jino linalowasumbua mseme. Leo nina nafasi."

Kaka akanywa maji, chupa nzima, bila kushusha. Alipomaliza akafuta mdomo. Wale wa juu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, kila mtu na agizo lake: nikipata kizunguzungu nipige kelele, nisisimame sana, fundi akifika watamsukuma wenyewe. Pakawa kimya, cherehani tu zikinguruma juu yetu.

"Hawajui kama unaondoka?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Kuna maswali ukiyajibu umeshaamua.

Alizungusha chupa tupu mikononi. "Sasa niambie, unapenda nini hapa? Kweli niambie. Chumba nimekiona, mnalala kichwa huku miguu kule. Kazi ni hili kabati. Dirisha lako linatazama ukuta. Mtu mzima anapenda nini?"

Hilo ndilo lilikuwa neno langu, lile nililosimamishia lifti, na sasa aliponiuliza niliona jinsi lilivyokuwa dogo. Nilifikiria mabeseni, nikafikiria mkate. Huwezi kumwambia mtu aliyeacha karakana na kusafiri siku nzima kwamba unapenda kibaraza wakati wa mvua.

"Kule kwetu," nikasema, "nikipita wanasema, huyo ndiye binti wa mgonjwa. Mpaka leo, baba yuko kaburini mwaka wa tatu. Nikirudi nitakuwa binti wa kipofu. Hapa hakuna anayejua kama nina mgonjwa. Hapa mimi ni Dada Lifti."

"Kwa hiyo unaona aibu na wazazi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo." Sauti yake ilipanda, ikagonga zege ikarudi. "Unafikiri mimi sitaki kuitwa kitu kingine? Tangu baba afe mama yuko kwangu. Mimi ndiye nampeleka hospitali. Mimi ndiye namwosha miguu. Wifi yako amesema mwezi huu ndio mwisho, ama mama apate mtu wake, ama yeye afunge virago aende kwao. Sikuja kukuchukua kwa kuwa kazi yako haina maana. Nilisema vile kwa yule bosi wako nipate cha kusema. Nimekuja kwa sababu nimechoka."

Aliposema nimechoka, mabega yake yalishuka kama mzigo uliokatwa kamba. Nikamwonea huruma. Huruma ile ilikuwa na kucha. Nilihisi inanishika na kunivuta kule kule nilikotoka, na nikajua nisiposema sasa sitasema tena.

"Na baba?" nikauliza.

"Baba nini?"

"Baba alilala miaka sita. Nani alimgeuza?"

Akageukia fito za geti.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimaliza mtihani wa darasa la saba Alhamisi, Ijumaa mkanikabidhi beseni na kitambaa. Mlisema ni mpaka apate nafuu. Dada akarudi chuoni, wewe ukafungua karakana, mama akawa na biashara yake. Matokeo yangu yalipotoka hakuna aliyekwenda kuyaangalia. Nilikwenda mwenyewe baada ya miezi miwili, baba akiwa amelala. Nilikuwa nimefaulu."

"Hukusema."

"Ningemwambia nani? Ninyi mlikuwa mnafurahi kuona nimetulia."

Cherehani moja ilisimama juu, zikabaki zingine. Kaka aliutazama ule mwanya wa mwanga kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nikingoja akasirike. Hasira yake niliizoea, ningejua pa kuiweka. Hakukasirika. Aliweka chupa sakafuni taratibu, kama ya kioo.

"Ulifaulu kwenda shule gani?" akauliza.

Nikamtajia.

"Ile nzuri," akasema.

"Ile nzuri."

Tulikaa tumeegemeana mabega kwa kuwa sanduku halikuruhusu vinginevyo. Pumzi yake ilikuwa imetulia. Yangu ndiyo iliyoharibika. Nilikuwa nimefungiwa na mtu aliyechoka, nami ndiye niliyemfungia. Kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba labda hatukuwa na hatia ya kitu chochote, mimi na yeye, ila tulikuwa wawili na mlango ulikuwa mmoja.

*

Saa tano na robo tukasikia hatua za fundi juu ya paa, kisha mlio wa chuma kupiga chuma, kisha mota ikakohoa. Sanduku likatikisika. Kaka akanishika mkono, akauachia upesi.

Nikashika mkono wa shaba wa kuendeshea lifti. Tatu, mbili, moja. Niliisimamisha lifti sawa na sakafu, bila hata unene wa sarafu kutofautiana, kama nilivyofanya kila siku na hakuna aliyewahi kuona. Kaka aliona. Aliangalia chini, pale chuma kinapokutana na saruji, akapitisha ncha ya kiatu chake juu ya ufa. Ni fundi, kitu kilichokaa sawa hakimpiti.

Nilipofungua, pale chini palikuwa na watu kama kumi na wanne wakisubiri. Wakapiga makofi na miluzi. Kamishna akatoa saluti ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Kulikuwa na mzee mwenye gongo na barua ya mawakili, wanafunzi wawili wa ushonaji na marobota yao, mwanamke aliyeshika shavu. Walikuwa wameanza kusogea kuingia, kisha wakaona begi, wakaona kaka yangu hatoki mlangoni, wakasimama.

Kaka aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaliweka begi langu juu ya benchi la mlinzi, akalisukuma mpaka ukutani lisianguke.

"Mama nitamwambia uko kazini," akasema.

"Kaka, na wifi..."

"Wapandishe watu, wamesimama."

Ningependa kusema alitabasamu. Hakutabasamu. Alivuta suruali yake juu kiunoni, kama anavyofanya akimaliza kazi asiyoridhika nayo, akamuuliza Kamishna njia ya stendi, akaenda.

Sitaki kuipamba. Wifi hakufunga virago, lakini mpaka leo hunikaribisha kwa jina langu lote, kama anayesoma orodha. Dada alibadilisha shule akahamia karibu, na alinipigia simu kuniambia ni kwa ajili ya nani. Mama aliishi miaka minne mingine kwenye nyumba ya kaka, na likizo zangu zote nilizimalizia kwenye mkeka wake, nikimsimulia mtaa mmoja mmoja, mafundi saa na kinyozi, naye akifumba macho yasiyoona ili aone vizuri. Alikuwa akiniuliza, "Na huko kona ya mkate, leo walichelewa?" Mji nilioupenda nilibebewa na mtu mwingine mgongoni. Najua. Nikipita mitaani nao upendo huo, napita nikijua.

Lakini siku ile sikuwa najua bado. Nilikuwa na abiria watano, mzee wa gongo mbele. Nikawafikisha sita, nikawafikisha saba. Mmoja alikuwa wa nane, akashuka, akaniachia mlango wazi.

Sheria ni kwamba mwendeshaji hatoki kwenye lifti. Nilitoka. Nilitembea mpaka mwisho wa ukumbi, ambapo kulikuwa na dirisha kubwa lenye vumbi. Mwaka mmoja na miezi minane nilikuwa nikifika pale mara hamsini kwa siku, na sikuwahi kupiga hatua kumi na mbili zilizobaki. Nikapangusa kioo kwa mkono wa koti la kijivu.

Sikujua kama mji ulikuwa mkubwa kiasi kile. Mapaa yalikwenda, yakaenda, mpaka yakawa rangi tu. Barabara nilizozijua kwa miguu zilikuwa nyuzi, na zilikutana mahali ambapo sikuwahi kudhani zinakutana. Nilitafuta mtaa wangu nikaukosa. Kisha nikatafuta chini kabisa, miongoni mwa vichwa, shati la bluu la kaka yangu.

Mashati ya bluu yalikuwa mengi. Nikachagua moja lililokuwa likitembea polepole peke yake, nikalisindikiza kwa macho mpaka lilipokata kona.